Waya wa Umeme Hautatuletea Intaneti, Nguzo Inaweza

Jioni moja pale Nyawera, mzee mmoja anayeheshimiwa mtaani kwetu alituuliza kwa nini sisi watu wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, tunaendelea kununua mega za intaneti kwa bei ya kuumiza, ilhali nyaya za umeme zimekwisha kupanda hadi nyumba za juu kabisa za Kadutu. Alikuwa amesikia kwamba wenzetu wa ng'ambo waliwahi kupitisha intaneti ndani ya nyaya hizo hizo. Wengi waliokuwepo walimuunga mkono. Mimi sikukubaliana naye, na kwa kuwa siku ile sikupata nafasi ya kujieleza, ninajieleza hapa.

Alichosikia mzee ni kweli. Umeme wetu hupiga mizunguko 50 kwa sekunde, na mawimbi ya data hupiga mamilioni, kwa hiyo viwili hivyo vinaweza kusafiri katika waya mmoja na kutenganishwa na kifaa kidogo kinachochomekwa kwenye soketi. Nchini Uingereza, kampuni za Nortel na Norweb zilitangaza mpango huo kwa shangwe mwaka 1997, zikauacha mwaka 1999. Marekani iliuwekea kanuni mwaka 2004. Mji wa Manassas, katika jimbo la Virginia, ukawafikishia wakazi wake huduma hiyo, lakini ilipofika 2010 ukaifunga. Nao ni mji usiojua delestaji, yaani kukatiwa umeme kwa zamu.

Shida inaanzia kwenye waya wenyewe. Waya wa simu husokotwa na kebo ya televisheni huvikwa ganda la metali ili mawimbi yasitoroke, lakini waya wa nguzoni hauna kinga yoyote, hivyo ukitiwa mawimbi ya kasi unageuka kuwa antena. Mawimbi yanayovuja huangukia masafa yale yale yanayotumiwa na redio za masafa mafupi, na ndiyo maana wapenzi wa redio wa Marekani waliupinga mpango huo hadi mahakamani. Kwetu msomaji wa mjini anaweza kudhani jambo hilo halimhusu, mpaka akumbuke foni, yaani redio ya masafa mafupi ya kuongea na walio mbali. Parokia na vituo vya afya vya ndani kabisa, kule ambako mnara wa simu haujafika, bado vinaitegemea redio hiyo, na aliye upande wa pili wa mazungumzo mara nyingi yuko hapa mjini.

Kisha kuna transfoma. Imetengenezwa kwa ajili ya mizunguko 50, kwa hiyo mawimbi ya data hayapiti ndani yake ipasavyo. Lazima yazungushwe kando yake kwa kifaa maalumu. Huko Marekani transfoma moja hulisha nyumba chache tu, na gharama ya vifaa hivyo ikawa kubwa mno. Kwetu, kama Ulaya, kabini moja ya transfoma hulisha mtaa mzima. Vifaa vingekuwa vichache, ni kweli, lakini mtaa mzima ungegawana mkondo mmoja wa data kama familia inayogombea jagi moja la maji.

Nguzo iliyo mbele ya lango letu ni ya mti, nayo imeinama kuelekea bondeni. Nimehesabu nyaya kumi na moja zinazotoka kwake, na mbili kati ya hizo hakuna anayejua zinaishia wapi. Viungo vingine vimefungwa kwa skochi (utepe wa gundi), kimoja kwa kipande cha sashe (mfuko wa plastiki) nyeusi, na mvua ikinyesha hicho hutoa cheche. Kwa umeme, kiungo kibaya ni joto na hatari ya moto; kwa mawimbi ya data, kila kiungo na kila tawi ni kama kioo kinachoyarudisha yalikotoka.

Hata ndani ya nyumba nimejaribu. Binamu yangu aliniletea kutoka Kampala vifaa viwili vya kuchomeka kwenye soketi ili kupitisha data katika nyaya za nyumba; kimoja nikakichomeka sebuleni karibu na modemu, kingine chumba cha nyuma. Usiku vilifanya kazi vizuri ajabu. Asubuhi, jirani yetu fundi wa kuchomelea alipowasha mashine yake, kurasa zilikwama hadi alipoenda kunywa chai. Nilipopitishia kimoja kwenye stabilizateri, kifaa cha kutuliza umeme unaopanda na kushuka, ambayo hapa hakuna anayethubutu kuishi bila hiyo, hakikumwona mwenzake kabisa. Umeme ulipokatika, kila kitu kilizimika. Mnara wa simu una betri na jenereta. Kifaa cha kukuza mawimbi kinachokaa nguzoni hula umeme wa waya ule ule.

Nikiri kwamba ipo kazi moja ambayo waya wa umeme unaifanya vyema. Mita za Linky za Ufaransa, zaidi ya milioni 30, hutuma hesabu zake kupitia waya huo huo, polepole, kwa masafa ya chini. Kwa kashi pawa zetu, yaani mita za kulipia umeme kabla, ingetosha kabisa. Video ya mwanafunzi wa chuo kikuu haitapita hapo.

Kwa hiyo ninapomjibu mzee, nasema tuuache waya, tuitazame nguzo. Nyuzi za kioo (faiba) hubeba data kwa mwanga, hazisumbuliwi na umeme unaopita kando yake, wala mashine ya kuchomelea haizigusi. Kwenye njia za msongo mkubwa huwekwa ndani ya waya wa juu kabisa, ule wa kukinga radi. Mitaani hutundikwa chini kidogo ya nyaya za umeme. Shirika la umeme la mji wa Chattanooga, jimboni Tennessee, lilifanya hivyo, na mwaka 2010 likaanza kuwauzia wateja wake kasi ya gigabiti moja kwa sekunde. Anayebadilisha nguzo hapa Bukavu angepaswa kuacha nafasi ya nyuzi hizo tangu siku ya kwanza na kuwakodishia watoa huduma wote kwa masharti sawa, maana gharama kubwa iko kwenye kuchimba na kusimamisha. Ile ya kwetu, kabla haijatundikwa chochote, inahitaji kwanza kusimamishwa wima.