Laini za stima: helikopta iwe chaguo la mwisho

Mkandarasi akiona msitu wa Mau au mabonde ya Nandi mbele yake, wazo la kwanza huwa kukodi helikopta ipitishe kamba ya kuvutia nyaya. Kwa maoni yangu hilo liwe la mwisho.

Wengi hudhani hatari iko kwenye kwenda juu sana. Wapi! Injini ikizimika juu kabisa, rubani ana nafasi: hewa inayopanda kutoka chini huendelea kuzungusha mapanga, naye akateremka na kutua. Lakini anahitaji kimo au mwendo. Anayevuta kamba hana hata kimoja, kwani yuko usawa wa minara, mita 40 au 60 hivi kutoka ardhini, akisonga polepole. Kwa helikopta ya injini moja, hapo hakuna pa kukimbilia.

Halafu kuna hewa yetu ya milimani. Timboroa iko zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari. Joto likifika nyuzi 20, helikopta hufanya kazi kana kwamba iko karibu mita 3,500. Uzito iliobeba bila taabu Kisumu unaweza kuishinda huko. Kwa hiyo kazi ianze mapema asubuhi, maana mchana jua huwaka, kisha mvua ya radi ya upande wa Kericho na ziwani huingia.

Kinachonitisha zaidi ni kamba yenyewe. Ikijipinda kwenye ngoma inakokunjuliwa huko ardhini, au breki ya ngoma hiyo ikikazwa ghafla, helikopta hushikwa kwa nyuma ikiwa bado inavuta. Kamba ikikatika wakati huo, hurudi kwa kishindo na inaweza kunasa rafadha ya mkiani. Ndiyo maana anayeshika breki lazima awe na redio ya kuongea na rubani moja kwa moja, si kupitia msimamizi. Ndoano ya helikopta inayoshika kamba, ambayo rubani huifungua kuiachia, nayo ijaribiwe ardhini ikiwa imevutwa, kwanza kwa kitufe cha umeme, kisha kwa mkono. Ndoano isiyo na mzigo hufunguka vizuri kila mara, na hilo halithibitishi chochote.

Mafundi walio juu ya mnara wasiguse ndoano kabla haijaguswa na fimbo iliyounganishwa na ardhi, kwa sababu helikopta hujikusanyia chaji ikiwa angani. Na pale laini mpya inapopita sambamba na ile ya zamani ya kilovolti 132, waya mpya hupata umeme bila kuunganishwa popote. Uunganishwe na ardhi ncha zote mbili, na pale mafundi wanapofanyia kazi.

Siku hizi droni hupitisha uzi mwepesi wa milimita 2 au 3 juu ya bonde. Uzi unawekwa kwenye puli za minara, unavuta kamba nene, kamba inavuta ya chuma, nayo ya chuma inavuta waya. Ni polepole, na upepo ukizidi inabidi kungoja, lakini droni ikianguka hakuna anayezikwa.

Ukilazimika kuita helikopta, dai ya injini mbili, na uonyeshwe hesabu ya uzito inaoweza kuubeba kwa injini moja, kwa kimo na joto la pale pale kazi itakapofanyika.