Chui Milia, Sala na Siku 227 Baharini

Katika kurasa za mwisho za Life of Pi, riwaya ya Mkanada Yann Martel iliyotoka mwaka 2001 na kupata Tuzo ya Booker mwaka uliofuata, maofisa wawili wa Wizara ya Uchukuzi ya Japani wanakwenda hospitali moja huko Meksiko. Wanataka kujua kwa nini meli ya mizigo Tsimtsum ilizama Julai 1977. Wa kumuuliza ni mmoja tu: Pi Patel, kijana wa Kihindi aliyeelea siku 227. Anawasimulia kwamba mashuani alikuwa na pundamilia, fisi, orangutani na chui milia aitwaye Richard Parker. Hawamwamini. Basi anawapa kisa kingine kisicho na mnyama hata mmoja: mpishi, baharia aliyevunjika mguu, mama yake, na yeye. Mpishi anamuua mama. Pi anamuua mpishi. Kisha anauliza, kisa kipi ni bora? Wanajibu: cha wanyama. Naye anawaambia kwamba kwa Mungu mambo ni hivyo hivyo.

Jibu hilo limewagawa wasomaji. Wapo wanaoliona kama utetezi mzuri wa imani: ukweli mkavu haumlishi mtu, na visa vyote viwili havielezi meli ilizamishwa na nini, kwa hiyo chagua kinachokuwezesha kuishi. Wapo wanaoliona kama tusi. Mtu anayesali kwa sababu hadithi yenye Mungu ni tamu kuliko isiyo na Mungu hajaamini, amejiliwaza tu. Hapa niko na hawa wa pili. Simjui muumini wa kweli, Mwislamu, Mkristo wala Mhindu, anayeiweka dini yake mezani ili wageni waipigie kura.

Lakini riwaya yenyewe ina jibu zito kuliko hilo, nalo limo katikati, kwenye maji. Pi alikulia Pondicherry, mji wa India, akifuata dini tatu kwa pamoja, jambo lililowakera viongozi wa zote tatu. Baharini anajaribu kuziendeleza: misa bila padri wala hostia, sala bila kujua kibla kiko wapi, sadaka ya Kihindu kwa nyama ya kasa. Kiarabu chake kinakosea. Hakuna anayemwona. Giza la moyo likimzidi, anashika kilemba alichokitengeneza kwa mabaki ya shati na kupaza sauti kwamba hii ni kofia ya Mungu. Anamnyooshea chui kidole: huyu ni paka wa Mungu. Halafu kofia inafumuka, suruali inachakaa, na paka ni hatari kila saa. Martel hafichi hayo, na kwa hiyo namwamini. Imani hapa ni kazi ya kila siku, kama kukusanya maji ya kunywa, na kuna siku mikono inashindwa kuifanya.

Hadithi nayo inafanya kazi ya namna hiyo. Pi anasema kwamba, ukiacha kuokolewa, alichokitamani zaidi ni kitabu kirefu chenye hadithi isiyokwisha. Alichonacho ni kijitabu cha maelekezo ya kujiokoa baharini, basi anaandika shajara mpaka wino unakauka. Na Richard Parker? Kumwogopa, kumvulia samaki, kumfunza kwa filimbi: hayo yanampa sababu ya kuamka. Pi mwenyewe anakiri kwamba bila chui asingekuwa hai.

Tukikikubali kisa cha pili, chui ni Pi, ule upande wake ulioua ili uishi. Basi hadithi ya wanyama haifichi damu. Inaisogeza umbali ambao kijana yatima anaweza kuitazama asipasuke. Ndiyo maana, wanapofika nchi kavu, analia kwa uchungu Richard Parker anapoingia msituni bila kugeuka nyuma. Anayeuita huu uongo mtupu hajapata kukaa na mtu aliyefiwa.

Hata hivyo kuna deni linalonisumbua. Bibi zetu hawakuanza hadithi kabla ya kusema "Paukwa!" na kujibiwa "Pakawa!" Msikilizaji alijua tangu mwanzo anaingia katika nchi ya aina gani. Pi anaomba idhini hiyo mwishoni, wakati mama yake ameshageuzwa orangutani anayeelea juu ya chane za ndizi. Kilichompa mwana nafuu kimemvua mama sura yake ya kibinadamu, na hakuna aliyemuuliza.

Baadaye ofisa mkuu, Okamoto, anaandika ripoti. Chanzo cha ajali hajakipata. Anaifunga kwa kusifu ustahimilivu wa Pi, akisema ni wachache waliowahi kuishi baharini muda mrefu hivyo, na hakuna aliyefanya hivyo pamoja na chui milia mkubwa wa Bengal. Chui ameingia kwenye kumbukumbu za serikali. Katika maneno hayo ya kufunga, mama hayumo.