Tufungulieni Maabara Jumamosi

Nchi yetu ya Kenya inajua kumpongeza mtu mzima anayejifunza kusoma na kuandika. Kimani Maruge alipoingia darasa la kwanza mwaka 2004 akiwa na miaka 84, dunia nzima ilimshangilia, na alistahili. Lakini mtu wa miaka thelathini na kitu anayetaka kurudia kemia ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, hana wa kumshangilia. Ukitaja elimu ya watu wazima, watu huwaza ngumbaru, a-e-i-o-u ubaoni. Somo la maabara halimjii mtu akilini, ndiyo maana hakuna aliyelitengea mahali.

Mimi nafanya kazi katika duka la dawa huku Eastlands, Nairobi, kupanga rafu na kupokea pesa. Nataka kusomea famasia, na huko alama ya kemia haikwepeki. Kwa hiyo nikifunga kazi jioni nashuka mjini, napanda ghorofani upande wa River Road, nasoma pamoja na fundi wa umeme, mama mboga na mlinzi anayetoka mapema kuwahi zamu ya usiku.

Nadharia haitushindi. Chukua jiko la makaa, ambalo limo katika silabasi. Chini, hewa inakoingia kwa wingi, kaboni huungua ikawa kaboni dioksidi. Gesi hiyo ikipanda kati ya makaa mekundu hunyang'anywa oksijeni, ikageuka kaboni monoksidi. Ikifika juu na kukutana na hewa tena, inawaka: ule mwali wa samawati tunaouona juu ya makaa ndio huo. Hewa ikiwa haba, gesi haiungui yote, inabaki chumbani. Haina rangi wala harufu, na hushikamana na himoglobini ya damu kuliko oksijeni yenyewe. Baridi ya Julai ikikaza Nairobi, husikika habari za watu waliolala na jiko ndani, madirisha yamefungwa, wasiamke. Kijana wa shule anaweza kukariri milinganyo hiyo apate alama tu. Aliyelea watoto katika chumba kimoja cha mabati akiielewa, usiku huohuo jiko linalala nje.

Hata moli, inayosifika kwa kutisha watu, haimbabaishi muuza mayai. Trei ni mayai 30, moli ni chembe 6.02 × 10²³. Hesabu ya kuzidisha na kugawanya ni ileile.

Kinachotukwamisha ni karatasi ya tatu, ile ya vitendo. Ina alama 40, na mbili za kwanza zina 80 kila moja. Titresheni, yaani kudondosha asidi kidogo kidogo katika besi hadi zitoshane, haifunzwi kwa chaki. Mwalimu wetu huchora bureti, ule mrija mrefu wa kioo wenye vipimo na koki chini, ubaoni, akachora na kimiminika kilichobonyea, akatuambia tusome chini ya mbonyeo, jicho likiwa sawa nao. Tunaandika. Lakini mkono wa kushoto unaopunguza koki hadi litoke tone moja moja, huku wa kulia ukizungusha chupa, unafunzwa na bureti yenyewe. Ukichelewa kidogo tu, methili oranji, ile rangi ya kuonyesha mwisho, imeruka kutoka manjano hadi nyekundu na kipimo kimeharibika. Na mtahini ni mkali: andika 24.5 mstari mmoja na 24.50 unaofuata, umepoteza alama ya desimali zinazolingana.

Chumvi zisizojulikana nazo ni hivyohivyo. Unatia sodiamu haidroksaidi tone kwa tone, unapata mashapo meupe, unaongeza, yanayeyuka. Je, ni zinki, aluminiamu au risasi? Amonia ikizidishwa ndiyo itakayoitenga zinki, kwa kuwa mashapo yake huyeyuka na ya wale wengine hubaki. Jambo hili ukiliona kwa macho mara moja huwezi kulisahau. Ukilisoma tu, linachanganyikana na mengine usiku wa kuamkia mtihani, na wengi wetu hushika bureti mara ya kwanza siku yenyewe ya mtihani.

Niliwahi kuomba nafasi katika shule moja ya kutwa. Niliambiwa maabara ni ya wanafunzi. Naelewa hofu yao: kemikali zina bei, vioo vinavunjika, na fundi wa maabara ana familia ya kurudia. Lakini Jumamosi alasiri vyumba vile vina kufuli, na likizo za Aprili na Agosti pia. Kundi la mwisho la 8-4-4, mfumo wa elimu unaoondolewa, litafanya KCSE mwaka 2027, kwa hiyo sisi tuliosoma silabasi hii hatuna miaka ya kungoja.

Wizara ya Elimu ingetoa waraka mmoja kwa shule za umma za Nairobi: muda wa saa tatu kila Jumamosi, watahiniwa wa kibinafsi waliosajiliwa, kitambulisho mlangoni, fundi wa maabara alipwe ziada kutokana na ada yetu. Tutozeni na amana ya vyombo. Atakayevunja pipeti, ikatwe humo.