Mwanamke anayesafiri peke yake aanze na fungu la kuondokea

Ushauri kwa mwanamke anayesafiri peke yake nje ya nchi huja katika vikapu viwili: huku namna ya kubana matumizi, kule namna ya kujilinda. Kutenganisha huko ndiko kunakowaponza wengi. Kila senti inayookolewa ina mahali inapokatwa, na mara nyingi hukatwa kwenye usalama bila mwenyewe kujua. Ndiyo maana naanza na fungu la kuondokea, yaani pesa iliyotengwa ya kukuhamisha haraka kutoka mahali usipopaamini.

Chukua tiketi ya ndege. Ile inayotua saa nane usiku imepungua, tuseme, dola 40. Saa hiyo treni na mabasi ya miji mingi yamelala, kwa hiyo kuna teksi ya usiku, na kuna chumba cha kulipia usiku kucha utakacholala saa nne tu. Nafuu imekwisha, na bado umefika gizani mtaa usioujua, simu haina laini. Halafu Waswahili tuna mtego wetu wenyewe: tiketi huandikwa kwa saa 24, sisi tunahesabu kuanzia macheo. 02:00 ni saa nane usiku, si saa mbili. Ndege inayofika 00:30 tarehe 14 inafika usiku wa kuamkia tarehe 14, hivyo chumba kilipiwe kuanzia tarehe 13. Anayekosea hapo huambiwa mapokezi kwamba nafasi yake inaanza mchana unaofuata, na hoteli imejaa.

Sasa bajeti yenyewe. Tiketi, viza, bima na chanjo ni hesabu ya mara moja. Malazi, chakula, nauli za ndani na intaneti ni hesabu ya kila siku. Hapo hapana ugumu. Ugumu uko kwenye dharura, ambako watu huambiwa waongeze asilimia 10 au 20. Siikubali njia hiyo. Asilimia 15 ya bajeti ndogo ni pesa ndogo, ilhali mwenye bajeti ndogo ndiye anayelala kwenye milango isiyofunga vizuri. Hesabu kwa vitu, si kwa asilimia: malazi ya siku mbili katika hoteli yenye mapokezi ya saa 24, kwa bei ya kuingia bila kuweka nafasi mapema, teksi moja ya kuvuka mji usiku, ada ya kubadili tarehe ya tiketi ya kurudi, chakula cha siku mbili. Hilo ndilo fungu la kuondokea. Kazi yake ni moja: kukuwezesha kusema hapa silali, ukabeba begi ukaenda, bila kupiga hesabu mlangoni. Kama halitoshei, punguza siku za safari, usipunguze fungu.

Fungu lisilofikika ni sawa na lisilokuwepo. Kadi mbili za akaunti moja ni kadi moja kwa maana halisi, kwa sababu benki ikifunga akaunti kwa kushuku wizi zote mbili zinakufa. Ziwe za akaunti mbili tofauti, ikiwezekana za benki mbili, moja mwilini na nyingine kwenye begi lililofungwa. Kosa linalowakamata hata wazoefu ni laini ya simu. Wakifika wanachomoa laini ya nyumbani waweke ya kule, kisha benki inatuma namba ya kuthibitisha malipo kwenye laini iliyo mfukoni. Tumia simu ya laini mbili au eSIM (laini isiyo na kadi ya kuchomeka, inayowekwa ndani ya simu yenyewe), acha ya nyumbani iwake kwa ajili ya ujumbe, zima data yake. Na ijaribu kabla ya kuondoka: hakikisha kampuni ya simu imekufungulia huduma ya nje, maana wakati mwingine haijifungui yenyewe.

Kwenye ATM, mashine ikikuuliza kama unataka ikukate kwa fedha ya nyumbani, kataa, chagua fedha ya nchi uliyopo. Ukikubali, mwenye mashine ndiye anayepanga kiwango cha kubadilishia, na hakipangi kwa faida yako. Ada ya kutolea ikiwa dola 5, kutoa 50 ni kupoteza asilimia 10. Kutoa 200 ni asilimia 2.5. Kwa hiyo toa mara chache, mchana, ndani ya benki, ili kadi ikimezwa awepo wa kumuuliza. Nyingi zibaki chumbani mahali pa kufungwa, utoke na za siku hiyo tu. Kumbuka pia kwamba hoteli nyingi huzuia kiasi fulani cha pesa kwenye kadi kama dhamana. Ukiwapa kadi inayokata akaunti moja kwa moja, pesa zako halisi zinakaa kifungoni siku kadhaa hata baada ya kuondoka. Usiwape kadi yenye fungu la kuondokea.

Malazi ndiyo mahali pa kutumia zaidi kidogo, hasa siku mbili za kwanza. Katika maoni ya wageni, ruka wastani wa nyota, soma ya karibuni na yenye nyota chache, ukitafuta maneno kama kufuli, usiku, mlango, taa. Omba chumba kati ya ghorofa ya pili na ya tano: dirisha halifikiki kutoka barabarani, na kukitokea moto kushuka bado ni rahisi. Mhudumu akitaja namba ya chumba kwa sauti mbele ya watu, omba kingine. Akikupigia mtu akidai ni wa mapokezi, kata, piga mapokezi mwenyewe. Kabari ya mlango ni kifaa cha bei ndogo na kizuri, lakini hufanya kazi kwa mlango unaofunguka kuelekea ndani ya chumba tu; isukume upande wa kitasa, mbali na bawaba, na iwe ya mpira, kwani ya plastiki huteleza kwenye vigae.

Pete ya ndoa ya bandia? Vaa ukipenda, inapunguza maswali. Dawa ya kupuliza machoni ni jambo jingine: nchini Uingereza inahesabiwa kuwa silaha iliyopigwa marufuku, na wewe ndiye utakayeshtakiwa.

Teksi ya kuita kwa programu: linganisha namba ya gari kwanza, kisha muulize dereva amekuja kumchukua nani. Usimtajie jina lako yeye akaitikia tu. Kaa nyuma, na kabla ya kufunga mlango hakikisha unafunguka kwa ndani. Tokyo, Delhi na Cairo zina mabehewa ya wanawake kwenye treni za mjini. Saa za msongamano yatumie bila aibu.

Bima isomwe upande wa yale isiyolipa. Kuna madai yanayokataliwa kwa sababu ya pikipiki uliyoendesha bila leseni au pombe. Viza ya Schengen, ile moja ya kuingia nchi nyingi za Ulaya, inadai bima ya afya isiyopungua euro 30,000, nacho ni kipimo kizuri cha kuanzia hata kwingine. Ubalozi unaweza kukupa hati ya dharura ya kusafiria na orodha ya mawakili. Haulipi bili ya hospitali. Na lisemwe bila kuzungushwa: akibakwa mtu, dawa za kukinga VVU zianze ndani ya saa 72, mapema ndiyo bora, na vidonge vya kuzuia mimba navyo havisubiri. Kwa hiyo kabla ya safari andika kwenye karatasi hospitali ya karibu inayofanya kazi usiku, namba ya dharura (112 nchi za Umoja wa Ulaya, 911 Marekani), namba ya bima, na anwani ya unapolala kwa maandishi ya nchi hiyo. Karatasi, kwa sababu simu ndiyo huibiwa kwanza.

Mwisho ni mtu wa nyumbani anayepokea taarifa. "Nitakujulisha" si mpango. Pangeni wakati mmoja maalumu wa kila siku wa kumjulisha, na hatua zake: wakati huo ukipita kwa dakika 60 apige simu, ukipita kwa dakika 180 apige hotelini, asubuhi bila jibu, ubalozini. Saa hiyo iandikwe kwa mfumo wa saa 24 na ijulikane ni ya majira ya wapi. Ukiwa Ulaya Jumapili ya mwisho ya Machi au ya Oktoba, saa za nchi nyingi za huko zinabadilika usiku wa kuamkia siku hiyo, kwa hiyo mkumbushe siku moja kabla, la sivyo ubalozi utapigiwa simu wakati wewe unakunywa chai.