Kobe Kanikalia Kikoi

Kazi yetu ukiisikia kwa mbali ni ya heshima: kujua Morisi ilikuwaje kabla Waholanzi hawajatia mguu mwaka 1598. Unachimba tope la kale, unalisafisha kwa asidi kali, na inayobaki ni chavua, ule unga wa maua, maana gamba lake ni gumu, halikubali asidi wala kuoza. Hadubini ndiyo inayokwambia msitu gani ulisimama wapi. Pale kwenye kinamasi cha Mare aux Songes, huko huko Morisi, tope limejaa mifupa ya kobe wakubwa, waliokufa kwa wingi wakati wa ukame, yapata miaka 4,200 iliyopita. Jamii yao imeshatoweka. Ukitaka kujua kobe hula nini na husambaza mbegu gani, huna budi kumfuata kobe wa Aldabra, kisiwa cha Shelisheli, aliyepelekwa Île aux Aigrettes, kisiwa kidogo cha Morisi, kushika nafasi ya marehemu. Tena umfuate kwa nyuma.

Siku hiyo suruali ililowa kwenye boti, nikajifunga kikoi. Mtoto wa Unguja mimi, kobe nimewalisha kisiwani Changuu tangu mdogo, aniambie nani?

Mwenzangu, Mmombasa, akamkuna dume mmoja shingoni. Kobe hawa wakikunwa huinuka juu ya miguu yote minne, shingo wameinyoosha, macho wamefumba kama bibi harusi anayesingwa. Nikajipenyeza mvunguni na kijiko na chupa. Choo chake tulichokifuata kilikuwa huko, kimejaa mbegu za mti wa ebonia.

Simu ya mwenzangu ikalia. Mkono ukaacha shingo. Kobe akashuka.

Mimi nilichomoka. Kikoi hakikuchomoka. Lidude la kilo 200 na ushei limekalia pindo.

"Shekhe, mkune!"

"Namkuna, kanuna."

Mara nasikia Kifaransa: muongozaji anakuja na watalii. Kusimama siwezi, nitaacha stara yangu chini. Nikabaki nimechutama, nachunguza udongo kwa makini ambayo mwalimu wangu hajapata kuyaona. Mama mmoja akanipiga picha.

Dokta, msimamizi wetu, akafika. Kobe naye akainua makalio, nikamshukuru Mungu. Kumbe anajisaidia. Juu ya kikoi.

Dokta uso ukamchangamka. "Usikiguse! Fresh kabisa, hakijagusa udongo. Kivue, kitambaa nacho ni sampuli."

"Dokta, watalii."

"Watageuka."