Nimeacha kazi, sijafukuzwa

Nimefanya mtihani wa kuvua samaki. Rudieni kusoma kama hamjaamini. Mimi mtoto wa Mikumbi, niliyekuwa nashinda kwenye gati la Lindi na mshipi umenikata vidole kabla sijajua kufunga vifungo vya shati, nimekaa chumba cha mtihani Berlin na wazee wa Kijerumani, nikaulizwa samaki huyu ana mapezi mangapi mgongoni, huyu anaruhusiwa kuvuliwa akifika urefu gani, na ukishampata unamuua vipi. Jibu la hilo la mwisho, kwa faida yenu: unampiga kichwani kwanza azimie, ndipo unamchinja. Ukimchinja akiwa na fahamu zake umevunja sheria ya kulinda wanyama. Na ukimvua kwa starehe tu halafu ukamrudisha majini, hapo pia una maswali ya kujibu, maana umemtesa bila sababu. Kufaulu kwenyewe kunakupa ruhusa ya kwenda ofisini kuomba cheti. Cheti unakilipia. Halafu kila ziwa lina kadi yake, unanunua.

Nilichukia siku ile, sikatai. Nikasema hawa watu wakiachiwa watatunga mtihani wa kula embe. Ila nikiwa kwenye treni narudi nikaikumbuka milio ya baruti tuliyoizoea utotoni, asubuhi bahari imetulia, mara dhuu, na watoto tunakimbilia ufukweni kuokota dagaa waliopasuka matumbo. Hatukuulizwa mtihani wala cheti, na matumbawe yakageuka kifusi. Basi nikanyamaza.

Nikapiga picha cheti changu, nikaituma kwenye grupu la ukoo kwa kujidai. Jibu la kwanza likatoka kwa binamu yangu: "Kumbe umerudi kwenye uvuvi? Si ulisema umesoma?" Vikafuata vikatuni vya kucheka, kisha kimya kile ambacho kila mwenye grupu la ukoo anakijua, cha watu kuhamia kupigiana simu pembeni.

Kosa la cheti lilikuwa kufika wakati mbaya. Wiki chache nyuma nilikuwa nimesema nimeacha kazi kwenye kampuni ya upimaji iliyoniajiri tangu nimalize masomo, sasa nafanya kazi mwenyewe. Watu wa Lindi wakajumlisha: ameacha kazi, anavua samaki. Mjomba akaitisha kikao. Kwetu, wenye asili ya Kimwera mnajua, baba anaweza kukukasirikia ukalala, lakini mjomba akiitisha kikao hulali.

Simu ikawekwa spika, nasikia hadi jogoo wa jirani.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Wamekufukuza?"

"Hapana mjomba, nimeacha mwenyewe."

"Mtu haachi kazi mwenyewe. Umegombana na nani?"

Nikaeleza. Mimi ni mpima ardhi, nachora ramani kwa picha za setilaiti, nilikuwa nazichora kwa jina la kampuni, sasa nazichora kwa jina langu na mteja analipa kwangu. Mjomba akasikiliza kwa adabu zote, kisha akauliza, "Sasa mshahara anatoa nani?" Nikasema wateja. "Na wateja wasipokuja?" Mama akaingilia kwa sauti ya chini, "Mwanangu, kama kuna jambo limekupata sema, sisi ni wako." Hapo ndipo niliposhindwa. Ukimweleza mama yako kwamba una furaha naye akakujibu kama anayempa mtu pole ya msiba, unabaki huna la kuongeza.

Hebu tuulizane kitu. Kila mahafali tuliyohudhuria, kuanzia darasa la saba, mgeni rasmi alisema nini? Vijana msisubiri ajira, jiajirini. Mkuu wa wilaya akija anasema, mbunge anasema, sheikh anasema, mchungaji anasema. Wote tumepiga makofi. Kumbe mahubiri yale ni ya waliokosa. Ukikosa kazi, jiajiri, hongera. Ukiwa nayo ukaiacha ili ujiajiri, wewe una jini, upelekwe ukasomewe dua.

Na kinachonichosha ni kwamba sijawahi kulelewa na mtu aliyeajiriwa. Baba aliendesha boti ya kuvusha watu Kitunda. Mama amekaanga samaki miaka yote, anajua bei ya kuni, mafuta na samaki alfajiri ileile na anapiga hesabu ya faida kichwani kabla wewe hujatoa kalkuleta. Mjomba ana mikorosho, na msimu ukikaribia kufunguliwa ana shughuli nyingine ambazo sitazitaja hapa kwa sababu mnada ndio njia halali ya kuuza korosho. Hakuna kati yao aliyewahi kuwa na bosi. Mkoa mzima umejiajiri! Halafu mkoa mzima unaona aibu, unauza korosho kumpeleka mtoto Chuo Kikuu Ardhi ili walau yeye apate wa kumwamrisha.

Nawaelewa, msidhani siwaelewi. Mwenye cheki namba, ile namba ya mshahara ya mwajiriwa wa serikali, anakopesheka benki, anapangishwa nyumba, ukweni hawamuulizi mara mbili. Mkulima anapeleka korosho ghalani, anabaki na karatasi, anasubiri hela mpaka watoto wanarudishwa nyumbani kwa kukosa ada. Aliyepita msimu wa 2018, jeshi lilipoambiwa linunue kwa shilingi 3,300 kilo, anajua kusubiri ni nini. Ukishaishi hivyo, mshahara wa tarehe ishirini na kitu, hata uwe mdogo, unakuwa kitu cha kuombea dua. Kwa hiyo mjomba hakuwa mjinga. Alikuwa ananiuliza swali la mtu aliyewahi kusubiri.

Ila kuna jambo hapa ugenini linanipa raha na nitalisema hata mkinuna. Nilipomwambia jirani yangu wa ghorofa ya chini, mzee mstaafu, kwamba nimeacha kazi nafanya mwenyewe, alinipa mkono, akasema hongera, halafu akauliza, "Umepata mhasibu wa kodi?" Basi. Hakuuliza nimegombana na nani. Sheria yao ya kodi ya mapato inawataja kwa majina wenye taaluma wanaoweza kufanya kazi huru: madaktari, wanasheria, wahandisi, na wapima ardhi tumo. Nilijaza fomu ya mamlaka ya kodi kwa intaneti, nikaletewa namba yangu kwa posta. Sikutafuta leseni, sikufukuzana na mtu wa ofisini anayesema njoo kesho.

Jambo la pili linahusu mapumziko. Jumatatu kazini, swali la kwanza lilikuwa wikendi umefanya nini, na waliuliza wakitaka jibu. Mmoja anapanda milima, mwingine anaimba kwaya, bosi wangu wa zamani, mtu mwenye udaktari wa falsafa, ana kibustani nje ya mji anakochimba viazi akiwa na viatu vya matope na shati lililotoboka kwapani. Kibustani hicho kina sheria yake ya mwaka 1983: kisizidi mita za mraba 400, na kibanda ndani yake kisizidi 24. Nchi imekaa bungeni ikapitisha sheria ya mahali pa mtu kupumzikia. Na hakuna anayemuona pale akajiuliza kama ameshindwa kununua viazi dukani.

Kwetu starehe ya msomi lazima ionekane. Ukae mahali, uagize, gari lipaki pale kila mpita njia atakapoliona, mezani funguo na simu mbili. Hiyo ndiyo wikendi. Rafiki yangu mwalimu, yuko hukohuko Lindi, anapenda kuvua kuliko mimi. Anakwenda usiku. Mshipi na ndoana anaviweka kwenye begi la kompyuta, vipande vya ngisi wa chambo kwenye kopo la siagi, ili wanafunzi wakimuona njiani wadhani anakwenda kusahihisha madaftari. Akipata changu wawili anawagawa kwa mlinzi, maana akirudi nao mtaani ataulizwa mshahara umechelewa? Mtu mzima, na shahada yake, anajificha kama mwizi kwa sababu ya kitu ambacho Berlin nimefanyia mtihani na kulipia ili niruhusiwe kukifanya mchana kweupe.

Najua mnachoandaa. "Huyo keshakuwa Mzungu. Amekula mkate mweusi miaka miwili mitatu anatufundisha kuishi." Hilo nililitarajia, na jibu langu ni hili. Jumapili mvua ikinyesha nakwenda makumbusho ya elimu ya viumbe pale Berlin. Katikati ya ukumbi amesimama mjusi wetu wa Tendaguru, yule dinosaria wa Lindi, urefu zaidi ya mita 13 kwenda juu, mifupa yake ilichimbwa kati ya 1909 na 1913, ikabebwa vichwani na mabegani mwa babu zetu mpaka bandari ya Lindi. Watoto wa Kijerumani wanamzunguka midomo wazi. Mimi natembea kifua mbele kama vile nimemfuga. Nimeshawaambia watu nisiowajua, kwa Kijerumani changu cha kubabaisha, kwamba huyo ni wa kwetu. Mtu aliyeisahau Lindi hafanyi hivyo. Tofauti yangu na mjusi ni kwamba mimi nilikuja kwa viza.

Wala msidhani huku ni peponi, maana wapo watakaosoma nusu hii wakauze shamba. Ukiajiriwa, mwajiri anakulipia sehemu ya bima ya afya. Ukijiajiri unalipa yote wewe, na bima ni lazima, upate mteja usipate. Kodi wanaikadiria na wanaitaka kila miezi mitatu: Machi, Juni, Septemba, Desemba, tarehe 10. Kuna mchango wa redio na televisheni, euro 18.36 kwa mwezi kwa kila nyumba, mimi sina televisheni, nalipa. Na nilipotafuta nyumba nyingine ya kupanga, mwenye nyumba aliniomba karatasi za mishahara ya miezi mitatu. Nikamwambia nimejiajiri. Akanitazama usoni vilevile kama mjomba, yeye amevaa miwani tu. Sikuipata nyumba.

Yaani hofu iko pande zote mbili. Ila huku hofu anayo mwenye nyumba na benki, watu wanaohesabu hela zao. Kwetu anayo mama yako, na anaibeba kama aibu, anaanza kupita njia ya nyuma asikutane na waliomwambia mwanao mjanja amefika mbali.

"Basi rudi ujiajiri hukuhuku Lindi tukuone." Na huyu nimemsikia. Huwa ana hamaki sana huyu, na mara nyingi yeye mwenyewe yuko Dar. Ndugu yangu, kazi yangu ndiyo inayohitajika Lindi kuliko yoyote. Mashamba mangapi mpaka wake ni mwembe uliokwishakatwa? Kesi ngapi baraza la ardhi zinasimama juu ya kichuguu? Wapo waliokuwa na maeneo Likong'o, wanaweza kuwaeleza kupimwa na kutokupimwa kuna maana gani siku mradi wa gesi unapobisha hodi. Tangu niko sekondari tunaambiwa gesi inakuja, na vijana wa rika langu wapo barazani wanaisubiri iwaletee ajira, wamevaa jezi za Simba na Yanga, wanacheza drafti, na ukiwauliza wanafanya nini wanasema "tupo tu", ilhali huyo ni fundi simu, huyo ana bodaboda mbili, huyo anasafirisha pweza mpaka Dar barabara ya Somanga ikiwa inapitika. Wana kazi! Wameamua tu kutoihesabu.

Ningerudi ningeanzaje, ndiyo shida. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, fungu la vijana ni la vikundi. Nitafute wenzangu wanne watano tujiite kikundi, mimi na ramani zangu, wao na vitambaa vyao vya batiki, tukaandike katiba? Benki itauliza cheki namba. Mteja atasema nipimie kwanza, korosho zikilipwa tutaongea. Na pale mtaani nikionekana saa nne asubuhi niko ufukweni nimekunja suruali, kikao cha pili kitaitishwa, safari hii na baba mdogo atoke Nachingwea kwa nauli ya kuchangiwa. Nalisema kwa uchungu, na bado nalipigia hesabu kila mwezi. Vifaa vya upimaji vimeshuka bei. Mwalimu wangu wa begi la kompyuta ameahidi kunipa chumba.

Juzi mjomba amepiga, peke yake, bila spika. Tukaulizana hali, mvua, bei. Akasafisha koo. Jirani yake amesogeza mpaka upande wa mikorosho ya bonde, sasa alikuwa anauliza, hizo picha zangu za angani zinaweza kuonyesha mpaka ulikuwa wapi zamani? Nikamwambia zinaweza, za miaka mingi nyuma zipo. Akafurahi kweli. "Basi nifanyie, mpwa wangu. Wewe si umejiajiri, una nafasi."

Nimemtumia bei. Nimempunguzia nusu kwa sababu ni mjomba, na nimeandika chini kwamba malipo ni kabla ya msimu. Hajajibu, lakini binamu yangu ananiambia karatasi ameichapisha stesheneri na anaionyesha watu.