Modeli ya mhandisi ndani ya injini ya gemu: igeuzwe au ichorwe upya?

Mashine inapohitajika kuonyeshwa ndani ya injini ya gemu (programu inayoendesha michezo ya kompyuta), mathalani kwa mafunzo ya mafundi, ubishi huwa uleule: tuligeuze faili la CAD la mhandisi, yaani mchoro wake wa kompyuta, liingie kwenye injini hiyo, au tuichore mashine upya kwa mkono? Wasanii wengi huchagua la pili. Faili la mhandisi, wanasema, ni mzigo mtupu: pembetatu mamilioni, nyembamba kama sindano, zimepangika ovyo.

Wana hoja. CAD huhifadhi nyuso zilizopinda kwa hesabu, ilhali injini ya gemu huchora pembetatu. Miwani ya uhalisia pepe inayotaka fremu 90 kwa sekunde huiachia kompyuta milisekunde 11 hivi kwa kila fremu, na giaboksi iliyochorwa kila hesi ya kila bolti haitaingia humo. Anayechora upya hupata wavu safi wa pembetatu ambao hata simu inaumudu. Kama mashine ni pambo tu nyuma ya mhusika, sina ubishi.

Ila uzito ule mhandisi hakuuweka yeye. Hutokana na namba moja ambayo anayegeuza mara nyingi haigusi: umbali unaoruhusiwa kati ya mpindo halisi na pembetatu zinazouiga. Chukua bolti ya M10, yenye shina la kipenyo cha milimita 10. Ukiruhusu kosa la milimita 0.1, pande 16 zinatosha kuliwakilisha duara lake. Ukidai 0.01, unahitaji pande 50. Hapo ni mara tatu tu, kwa kuwa shina limepinda upande mmoja. Kwenye gololi ya beringi, iliyopinda kotekote, ongezeko hilo hujizidisha lenyewe na pembetatu huwa takribani mara 10. Mara 10, kwa tofauti ambayo mtu aliyevaa miwani akiwa mita moja kutoka kwenye mashine hawezi kuiona! Kisha lawama anabebeshwa mhandisi.

Kibaya zaidi, wengi hugeuza kwa namba hiyo ndogo, halafu huuachia wavu programu ya kupunguza pembetatu. Programu hiyo haijui kwamba tundu ni duara. Niliwahi kupokea pampu iliyopunguzwa hivyo: matundu ya bolti yamekuwa mayai, na ukingo unaokalia gasketi umemegeka. Aliyeniletea alikuwa ameshakata tamaa, anataka ichorwe upya. Tulirudi kwenye faili la awali, tukalegeza namba, tukaondoa gia na shafti ambazo hakuna atakayeziona, na bolti zinazofanana tukazifanya nakala za modeli moja. Ikapita.

Wapo wanaoona ubishi huu ulimalizwa na Nanite, mfumo wa uchoraji uliokuja na injini ya gemu ya Unreal Engine 5 mwaka 2022, kwa kuwa humeza pembetatu nyingi mno. Husaidia kweli, lakini tundu lililokuwa yai hubaki yai.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni siku mhandisi anapobadilisha mchoro. Akisogeza tundu milimita 8, faili hugeuzwa tena kwa mipangilio ileile na kazi inaendelea. Modeli iliyochorwa kwa mkono haina habari, na fundi atazoea kupeleka spana mahali pasipo na bolti. Majina na namba za vipuri nazo hupotea: kipuri ambacho fundi angekiagiza kwa namba yake kinakuwa silinda isiyo na jina.

Kiwanda kinachoogopa siri zake kuvuja kinaweza kuchora upya ganda la nje, hilo nalielewa. Nyaya na mipira ya kupitishia mafuta pia, ambayo mhandisi mara nyingi haichori kabisa, ichorwe kwa mkono, tena kwa ufundi wote wa msanii. Bolti zibaki pale mhandisi alipoziweka.